Panya amepona upofu, je mama yangu? Uzi wa jicho la panya na kitovu cha jicho la binadamu

#1 Mwalimu wa Zamu

Mbukwenyi wakuu.

Nianzie mlangoni kwa mama. Nilikwenda kumsalimia likizo, tumekaa kibarazani, akaniuliza: "Hivi fundi wako hakuwa na pimamaji? Mbona mwimo wa mlango umepinda?" Nikageuka. Mwimo umenyooka, niliusimamia mwenyewe ukijengewa. Nikacheka nikijua ananitania. Kesho yake nikamkuta uani anachambua karanga za mbegu. Mbovu zinabaki kwenye ungo, nzima zinatupwa. Mimi amenijua kwa sauti. Lakini kuku alipojipenyeza kwa pembeni kudonoa, mama alimpiga kofi bila hata kugeuza shingo. Yaani pembeni anaona, katikati haoni.

Kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, walimmulika kwa tochi wakasema mtoto wa jicho ndiyo kwanza anaanza, akikomaa turudi. Miezi minne ikapotelea hapo. Alipofika kwa daktari bingwa wa macho akatiwa dawa ya kupanua mboni, akapigwa picha ya nyuma ya jicho, tukaambiwa tatizo ni makula (eneo dogo la katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), aina ya majimaji: mishipa ya damu imeota mahali isipostahili, inavuja chini ya retina. Sasa anachomwa sindano jichoni.

Sababu ya uzi ni hii. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, binamu yangu alitupia habari kwamba wanasayansi wamewarudishia panya vipofu uwezo wa kuona. Shangazi hakusubiri, akaanza kuorodhesha nani achange shilingi ngapi mama apelekwe India. Kisha wakanigeukia mimi, maana nafundisha baiolojia. Nikasema nipeni siku tatu. Zimekuwa wiki tano za kusoma usiku, na nimetoka na jambo moja ambalo naomba mlikosoe: panya hana kile kilichoharibika kwa mama.

Nyoosha mkono mbele yako, tazama kucha ya dole gumba. Kipande kidogo kama hicho ndicho unachokiona kwa ukali wote. Kwingine kote picha ni hafifu, ila hujui kwa sababu macho hayatulii, yanazunguka na kuokoteza. Ukibisha, kaza macho kwenye neno hili, ZABIBU, usiyaondoe, kisha jaribu kusoma mstari wa nne chini yake. Umeona?

Kazi hiyo inafanywa na fovea, kishimo chenye upana wa kama milimita 1.5 katikati ya makula. Mimi darasani nakiita kitovu cha jicho. Retina ina seli za aina mbili za kupokea mwanga: fimbo, za giza, na koni, za mchana na rangi. Retina nzima ya binadamu ina fimbo zaidi ya milioni 90 na koni kama milioni 5 hivi. Pale kitovuni kabisa hakuna fimbo hata moja. Ni koni tupu, nyembamba, zimebanana karibu 200,000 katika milimita moja ya mraba. Hata mishipa ya damu imekwepa, na tabaka za neva zinazozifunika koni kwingineko zimesogezwa kando ili mwanga uingie bila kupita kwenye kitu. Ndiyo maana ya kile kishimo. Halafu kila koni ya pale ina neva yake ya kupeleka habari, haichangii na jirani.

Panya mdogo wa maabara, yule anayetumika kwenye utafiti mwingi, ana fimbo milioni 6.4 na koni 180,000. Katika kila seli 100, fimbo ni 97. Hakuna kishimo, hakuna makula. Koni zake kwa wastani ni kama 12,000 na ushei kwa milimita ya mraba. Kwa hiyo retina nzima ya panya inafanana na pembezoni mwa retina ya mama, sehemu ambayo mama hana shida nayo. Ndiyo ile iliyomwona kuku.

Jumamosi nilipita mnada wa Msalato nikanunua macho manne ya mbuzi kwa ajili ya kidato cha tatu, muuza nyama akaniuliza kama nimekuwa mganga. Tuliyapasua. Ndani nyuma kuna lile ng'aro la bluu-kijani linalowaka usiku ukimmulika mbuzi, wanafunzi wakapiga kelele. Kijana mmoja akaleta panya aliyenaswa ghalani. Jicho lake ni la kukaa kwenye kucha. La panya mdogo wa maabara ni milimita 3 na kitu, punje ya mtama, wakati la mtu ni kama 24. Tulipolipasua hilo la ghalani, lenzi ikatoka nzima, kidonge cha kioo, na ikabaki ngozi tu. Lenzi ndiyo jicho karibu lote! Kijana akauliza: "Sasa hapa wanasoma nini cha binadamu?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nawasilisha.

#2 Mzee wa Nkuhungu

Mwalimu, panya wa ghala langu anaona mtego kabla sijautega. Huyo wenu wa maabara ni kilaza tu.

#3 Zabibu Kavu

Mzee wangu, huyo hauoni, anaunusa mkono wako. Panya buku wanaofundishwa pale SUA Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kuna aliyewahi kuwaambia watazame? Magawa, aliyezaliwa hapahapa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Pua, siyo macho.

Nimeweka kambi hapa. Mwalimu, pole ya mama.

#4 Binti Maabara

Mwalimu shikamoo, na pole sana kwa mama.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye chumba cha panya, nje ya nchi, na kazi yangu ilikuwa macho. Sasa niko Dodoma nafanya mambo mengine kabisa. Hoja yako naikubali nusu. Nusu nyingine naikataa.

Kuhusu kuona kwao uko sahihi kuliko unavyodhani. Tulikuwa na kipimo hiki: panya anawekwa juu ya kijukwaa cha duara, kama kifuniko cha chupa kubwa, katikati ya skrini nne. Kwenye skrini kuna mistari myeusi na myeupe inayozunguka polepole. Akiiona, kichwa kinaifuata, taratibu, kama mtu anayeangalia treni ikipita. Unapunguza upana wa mistari. Anafuata. Unapunguza tena. Ghafla kichwa kinatulia, anaanza kujipangusa masharubu. Hapo ndipo mwisho wake: kama jozi moja ya mistari katika nyuzi mbili. Chukua dole gumba lako ulilonyoosha, jozi moja tu ya mweusi na mweupe ndiyo inaenea upana wake. Mtu mwenye macho ya kawaida, upana huohuo anasoma jozi 60 na kuendelea. Mimi nilikuwa nakaa pale naandika namba, na moyoni najua kwamba kwa kipimo cha binadamu karibu wote ni vipofu kisheria.

Lakini usiseme hana kitu cha kutufundisha. Ukikata retina ya panya ukaiweka chini ya hadubini, unene wake haupishani sana na wa mtu, kama robo ya milimita hivi, na tabaka ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Koni ya panya ni koni. Jeni nyingi zinazoiendesha ni zilezile tulizonazo. Mwaka 1924 kijana mmoja wa Harvard, Clyde Keeler, alitangaza panya wasio na fimbo. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kuipata jeni iliyoharibika, Pde6b, na mwaka 1993 wakakuta kwamba jeni hiyohiyo ikiharibika kwa watu inaleta upofu wa kurithi, ule unaoanza na kutoona usiku. Bila wale panya wa Keeler njia ingekuwa ndefu zaidi.

Na sindano anayochomwa mama, mwalimu, ina deni kwa panya. Miaka ya 1990 walianza kuwapiga panya leza nyuma ya jicho, wakitoboa utando mwembamba ulio chini ya retina, mishipa ya damu inaota kupitia pale palipotoboka. Kwa njia hiyo wakajaribu dawa za kuizuia protini inayochochea mishipa kuota. Nyani nao walitumika, sikatai. Dawa ya kwanza ya kundi hilo iliyowarudishia wagonjwa wengi wa makula sehemu ya uwezo wa kuona, ranibizumab, iliruhusiwa Marekani mwaka 2006. Bevacizumab, ndugu yake wa bei nafuu aliyeanza kama dawa ya saratani, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya macho tangu 2013.

#5 Mwalimu wa Zamu

Marahaba dada. Ahsante, hiyo ya leza sikuijua na imenigusa, maana nilikuwa naanza kuwadharau.

Ila nikubane kidogo. Panya aliyepigwa leza ana jeraha. Mama hakujeruhiwa, amezeeka. Hivi ni kitu kimoja?

#6 Binti Maabara

Siyo kitu kimoja. Kidonda cha leza kwa panya kinapona chenyewe baada ya wiki chache, cha mama hakiponi. Panya anaishi miaka miwili hivi, ugonjwa wa mama umejipika miaka 60. Yale mafuta yanayojilundika chini ya retina kwa wazee, madoadoa ya njano ambayo daktari anayaona kabla ugonjwa haujalipuka, kwa panya hayatokei kwa sura ileile. Mfano wa leza unajibu swali moja: je, dawa hii inazuia mishipa kuota? Kwa swali hilo ni mzuri. Kwa swali la "kwa nini hapa katikati, na kwa nini uzeeni?" haukusaidii.

Mfano wa pili, ugonjwa wa Stargardt, unaowala vijana makula. Jeni yake ni ABCA4. Wakaizima kwa panya. Uchafu wa seli ukajilundika nyuma ya retina kama kwa watu, barabara kabisa. Ila panya hakupoteza kitovu, kwa sababu, kama ulivyosema mwalimu, hana cha kupoteza.

#7 Mjukuu wa Mtemi

Nawasoma nikiwa kwenye basi kutoka Singida. Dada Binti, hao panya vipofu waliopona ni wepi sasa? Maana habari hizo kila mwaka zinakuja na kila mwaka bibi yangu bado anashikwa mkono kwenda chooni.

#8 Binti Maabara

Mara nyingi ni wale wa upofu wa kurithi, jeni moja imekufa, unawapelekea nzima kwa kutumia kirusi kilichovuliwa meno. Na imefanya kazi kwa watu pia: mwaka 2017 Marekani iliruhusu tiba ya jeni kwa upofu unaotokana na kasoro ya jeni RPE65. Safari yake ilipitia kwa panya, kisha kwa mbwa wa aina ya Briard ambao kwa asili wana kasoro hiyohiyo. Mbwa mmoja, Lancelot, alitangazwa mwaka 2001 na akawa maarufu kuliko madaktari wake. Bei ilipotoka ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Inamfaa mwenye kasoro ya jeni hiyo moja tu. Bibi yako, kama ni makula ya uzee, au presha ya macho, au mtoto wa jicho, haimhusu hata kidogo. Kwanza mpeleke mjue ni kipi. Mtoto wa jicho anatolewa, na wengi wanaona tena.

Nikuchekeshe. Panya pia wanatudanganya. Mwaka 2012 watafiti waligundua kwamba panya weusi wa ukoo mmoja maarufu, C57BL/6N, wanaouzwa na makampuni kwa maabara za dunia nzima, wana kasoro ya jeni inayoitwa rd8, inayokunjakunja retina na kuiachia madoa. Watu walikuwa wamezima jeni fulani, wakaona madoa, wakaandika "tazameni, tumepata mfano wa ugonjwa wa makula". Kumbe madoa mengine panya walizaliwa nayo. Ilibidi maabara nyingi zirudi kupima panya wao upya. Kwetu bosi alikuja asubuhi na karatasi mkononi, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye vizimba. Siku hiyo hatukula mchana.

#9 Mlenda wa Jana

😂😂 Yaani panya wameingia na matatizo yao ya ukoo.

#10 Tiba Asili Makole

Habari zenu. Kwa matatizo yote ya macho, ukungu, makula, presha ya macho, vikope, ninayo dawa ya matone ya mimea, siku 7 tu unatupa miwani. Njoo inbox.

#11 Zabibu Kavu

Wewe tena! Ulishaleta hiyohiyo kwenye uzi wa figo.

#12 Muuguzi wa Kongwa

Huyo naomba msimchekee. Nimeuguza macho yaliyotiwa "matone ya mimea". Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inachomeka, inakuwa nyeupe kama yai lililochemshwa, na hiyo hairudi. Na jamani, makula iko nyuma ya jicho. Tone la majani litafikaje huko?

Kwa kuwa vikope vimetajwa, na mimi ni wa Kongwa ambako vikope vilitutesa hadi watafiti wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, wakaja kuweka kambi tangu miaka ya 1980, nitofautishe kwa faida ya wasomaji. Vikope ni ugonjwa wa mbele: kope zinageuka ndani, zinakwangua konea kila unapopepesa. Nimeona akina mama wanatembea na kikoleo kwenye pindo la khanga wajing'oe kope wenyewe. Huyo haoni kwa sababu kioo cha mbele kimekwaruzwa. Mama yake mwalimu kioo chake ni safi, filamu ndiyo imeungua katikati. Enzi za kamera za filamu tulikuwa tunaelewa mfano huu, siku hizi naambiwa "filamu ndiyo nini?"

Ila kuna mnyama mmoja anayetufaa kwenye vikope, ndugu wa panya kwa mbali: simbilisi, yule tunayemfuga. Ana bakteria wake wa jicho, binamu wa yule anayetuletea vikope, na ugonjwa wake wa kope unafanana na wetu. Kwa mbele ya jicho, mnyama mdogo anatosha.

#13 Mwalimu wa Zamu

Dada muuguzi, umeniandalia kipindi cha Jumatatu. Kwa mbele ya jicho mnyama mdogo anatosha, kwa katikati ya nyuma hatoshi. Naiandika ubaoni.

#14 Mrangi wa Pahi

Mimi ni mkulima tu, Kondoa. Mnasema panya ni wa usiku. Kwetu kuna panya wa mchana, tena jua la saa saba. Rangi ya nyasi kavu, madoamadoa, wana vijia vyao kwenye nyasi vimekanyagwa vikalainika kama barabara za wilaya. Ukipita, anasimama, anakuangalia usoni, ndipo anakimbia. Hao nao hawaoni?

#15 Binti Maabara

Kaka Mrangi, umegusa pale pale nilipotaka kufika, na wewe unaye shambani.

Hao kwa maelezo yako ni jamii ya Arvicanthis, panya wa nyasi, na hapa Tanzania wapo. Ni wa mchana kweli. Retina yao ni habari nyingine: theluthi ya seli zake za mwanga ni koni. Linganisha na 3 kati ya 100 za panya wa maabara, ni zaidi ya mara kumi. Wafaransa wa Strasbourg wamewasoma sana ndugu zao wa Afrika Magharibi. Wamarekani wa Michigan wana ukoo mzima uliotokana na panya wa nyasi waliotegwa Maasai Mara, Kenya, mwaka 1993. Wajomba zao wa Kondoa hawajui kuwa wana ndugu Ulaya na Marekani.

Na kuna la ziada. Ukimlisha chakula cha kawaida cha maabara, vile vidonge vilivyoshindiliwa, wengi wao wanapata kisukari cha ukubwani, bila kuchezewa jeni. Porini anakula nyasi na mbegu. Ukimweka ndani na ugali wa kila saa, sukari inapanda. Kisukari ni moja ya njia kuu za kuharibu makula kwa watu. Hapo una mnyama wa mchana, mwenye koni nyingi, anayeugua kisukari kama sisi. Ukiniuliza mimi, anastahili kusomwa zaidi ya anavyosomwa.

Kuchakuro wa mbuga za nyasi za Marekani, yule mwenye milia 13 mgongoni, kazidi hata huyo, kwake koni ni zaidi ya 80 kwa 100. Lakini sikilizeni: wote hao, Arvicanthis na kuchakuro, bado hawana kishimo. Wana eneo lililosongamana zaidi, basi. Kwa wanyama wanaonyonyesha, kishimo ni cha sisi na jamaa zetu nyani na tumbili.

#16 Mrangi wa Pahi

Kwa hiyo niache kuwatilia sumu?

#17 Binti Maabara

😂 Mahindi ni yako kaka, siwezi kukuamulia. Ila usimshike kwa mikono mitupu ukanitumia picha. Viroboto wa panya ndio walioleta tauni Lushoto na Mbulu.

#18 Kindi wa Hombolo

Mimi natoka nje ya mada kidogo, samahani. Kama shida ni kishimo, kwa nini wasitumie ndege? Mwewe anaona kifaranga toka mawinguni.

#19 Mwalimu wa Zamu

Siyo nje ya mada mkuu, hili ndilo lililonifanya nisilale. Mwewe na jamii zake wana fovea mbili katika kila jicho. Mijusi kadhaa nao wana fovea. Na kuku, huyu wa uani, aliyeiba karanga za mama, ana sehemu katikati ya retina isiyo na fimbo hata moja, koni tupu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kiinitete cha kuku kinaisafisha sehemu ile kwanza kwa kuteketeza asidi inayotokana na vitamini A, halafu ndipo koni zinajipanga. Sasa wanauliza kama kitovu chetu kinaanza kujengwa kwa mbinu kama hiyo.

Fikiria kuku jioni, saa kumi na mbili na nusu, anavyopapasa mlango wa banda wakati wewe bado unasoma namba za simu. Ni wa koni huyo. Jua likizama hana ujanja, na panya ndiyo kwanza anaamka.

Ubaya ni kwamba kuku hana makula yetu ya uzee, na ubongo wake ni wa kuku. Kila mnyama anakupa kipande kimoja.

#20 Mjukuu wa Mtemi

Nimefika Dodoma. Swali la mwisho: mboga za majani zinasaidia au ni hadithi? Mhubiri kwenye basi alikuwa anauza unga wa mlonge.

#21 Muuguzi wa Kongwa

Makula yenyewe ina rangi ya njano (siyo yale madoadoa ya ugonjwa), na njano hiyo inatokana na chakula: mchicha, matembele, mahindi ya njano, kiini cha yai. Panya haihifadhi kwenye retina yake, kwa hiyo hata hilo hajibu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2013 ulitumia lutein miligramu 10 na zeaxanthin miligramu 2, ndizo rangi za njano hiyo, ndani ya mchanganyiko wa vitamini na zinki. Vidonge vya namna hiyo vinampunguzia kasi yule ambaye ugonjwa umefika katikati. Haviponyi, na havimzuii mzima asiugue. Mlonge kula kama mboga, ni mboga. Sigara acha, hiyo ndiyo ina madhara ya wazi.

#22 Mwalimu wa Zamu

Mrejesho kidogo kabla sijalala, kesho zamu yangu.

Dada muuguzi alinielekeza faragha, nikachora kwenye karatasi ya grafu mraba wa sentimita 10 kwa 10, viboksi vya milimita 5, nukta nyeusi katikati. Nimeibandika ukutani kando ya ule mlango. Kila asubuhi mama anavaa miwani ya kusomea, anafunika jicho moja kwa kiganja, anatazama nukta, anasema mistari ikoje, kisha jicho la pili. Jicho la kushoto mistari inanyooka. La kulia anasema pale katikati kuna "mtu ameketi juu ya wavu", umebonyea. Kazi yetu ni kusikiliza kama huyo mtu ananenepa. Akinenepa hatungoji tarehe ya kliniki.

Wiki hii baada ya sindano ya tatu alisema amepungua. Karanga bado anakosea, ila juzi aliniambia nimenyoa vibaya.

Kwenye kundi la ukoo nimeandika hivi: panya aliyepona hakuwa na ugonjwa wa mama, na sindano aliyosaidia kuileta ipo nchini, mama ameshaianza. Kinachotushinda ni kwenda kila mwezi bila kuruka. Shangazi alinuna siku mbili. Baadaye akafuta orodha ya India, akaandika nyingine: majina 12, mwezi mmoja mmoja, nauli ya mama na ya msindikizaji na gharama ya sindano. Binamu aliyetupia habari ya panya kapangiwa Novemba.